Kuhusu hesabu za moto Kisumu

Ndugu yangu, umeuliza mbona idadi ya mioto gazetini hailingani na ya kaunti. Mara nyingi hawahesabu kitu kimoja. Zimamoto wa kaunti huandika daftarini kila simu: saa ilipopigwa, gari lilipotoka, lilipofika. Humo mna ajali za barabarani na hata simu za uongo. Gazeti huhesabu moto ulioteketeza mali. Na chumba cha mtaa wa Manyatta ambacho majirani wamekizima wenyewe kwa ndoo na mchanga hakiingii popote, hilo ndilo linaloniuma. Kwa Katiba ya 2010 zimamoto ni kazi ya kaunti, basi waandikie ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 kukujibu. Omba nakala ya daftari lenyewe, usikubali jumla tu.