Maumivu ya mishipa ya fahamu: fanya mazoezi kwa kufuata saa, usingoje siku njema

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 52, naanika dagaa Kibirizi, Kigoma. Huu ni mwaka wa pili maumivu yanatoka kiunoni, yanapita kwenye kalio na nyuma ya paja hadi unyayo wa kulia. Yanachoma kama pilipili na kuacha ganzi. Hospitali walisema mshipa wa fahamu umebanwa, wakanipa dawa na kuniambia ninyooshe viungo. Kila nikiamka nainama kushika vidole vya miguu, magoti yamenyooka, nahesabu hadi sitini. Siku nikijisikia vizuri nafanya hata saa nzima, halafu siku mbili tatu siinuki kitandani. Niendelee au niache? *Mama wa Kibirizi*

JIBU: Marahaba, mama. Mazoezi usiyaache, ila hilo zoezi la kuinama liache leo hii.

Msuli ukiunyoosha na kuushikilia, unalegea. Mshipa wa fahamu ni kinyume chake. Ukivutwa na kushikiliwa, vijishipa vya damu vinavyoulisha hubanwa, na ule uliokwisha kuumia unazidi kuwaka. Kuinama magoti yakiwa yamenyooka kunauvuta mshipa huohuo unaokusumbua. Tena unafanya hivyo unapoamka tu, wakati diski za uti wa mgongo (zile pedi laini kati ya pingili) zimejaa maji ziliyofyonza usiku, na kuinama kunazielemea zaidi kuliko mchana. Saa nzima ya kwanza baada ya kuamka, usikunje mgongo.

Jambo la pili ndilo linalowaangusha wengi: mshipa wa fahamu hujibu kwa kuchelewa. Unafanya zoezi, husikii kitu, unaongeza. Moto unakuja jioni au kesho yake. Kwa hiyo hisia za dakika ile si kipimo. Kipimo chako kiwe saa, na hukumu uitoe kesho yake asubuhi.

Anza kwa kupima uwezo wako. Siku tatu tofauti, tembea mahali tambarare na pagumu (si kwenye mchanga mlaini, wala si mlima wa kupanda Mwanga), uangalie ni dakika ngapi zinapita kabla maumivu hayajaanza kupanda. Tuseme umepata 8, 12 na 10. Wastani ni 10. Toa sehemu ya tano, zinabaki 8. Basi tembea dakika 8 kila siku, wiki nzima, siku njema na siku mbaya. Siku njema utatamani kuongeza; usiongeze hata dakika moja, kwa sababu hapo ndipo zile siku zako tatu za kulala zinapoanzia. Wiki ikipita salama, ongeza dakika moja tu.

Badala ya kuinama, fanya hivi. Lala chali kwenye mkeka. Inua paja la kulia lisimame wima, ulishike kwa mikono miwili nyuma ya goti. Nyoosha goti polepole mpaka usikie mvuto wa kwanza kabisa, kisha likunje hapohapo. Usishikilie, usirushe mguu, na usivute vidole vya mguu kuja kwako wala kuinua kichwa, maana vyote hivyo vinaongeza mvuto. Mara 5 asubuhi ukishakaa macho saa moja na zaidi, mara 5 jioni. Wiki mbili zikienda vizuri, fika mara 8, baadaye 10. Lengo ni mshipa uteleze kwenye njia yake bila kukazwa. Kalio unaweza kulinyoosha kwa kuvuta goti kuelekea kifuani na kushikilia sekunde 10, mara 3, mradi mguu usiwake.

Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Yakipanda kwa alama 2 na kushuka ndani ya saa moja, sawa. Yakiwa bado juu kesho asubuhi, kipimo kilikuwa kikubwa: rudi nusu kwa siku mbili au tatu, lakini usilale moja kwa moja. Angalia pia yanahamia wapi. Yakitoka unyayoni na kurudi juu kuelekea kiunoni, hata kama kiuno kinauma kidogo zaidi, hiyo ni dalili njema. Yakishuka chini zaidi, zoezi hilo lisimamishe.

Kazi yako nayo ni mazoezi, ihesabu. Usiku wa giza dagaa wakiingia kwa wingi unainama kutwa. Siku hizo punguza matembezi nusu. Mbalamwezi ikitoka na mitumbwi kutulia, usilipize kwa kufanya mara mbili. Anika kwenye kichanja kinachofika kiunoni badala ya mchangani, beba ndoo nusu mara mbili, na kila baada ya dakika 20 simama unyooshe mgongo.

Ukipata ganzi katikati ya mapaja sehemu unayokalia, mkojo ukigoma kutoka au haja ikikutoka bila kujua, au mguu ukianza kuburuta, usingoje asubuhi. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, saa hiyohiyo.

SWALI: Nina kisukari, nyayo zinawaka usiku na mchana zina ganzi. Je, nitembee? *Mzee wa Ujiji*

JIBU: Shikamoo mzee. Tembea, kama hakuna kidonda. Kikiwapo, fanya mazoezi ukiwa umekaa hadi kipone. Vaa viatu vya kufunika na soksi, na kabla ya kuvivaa ingiza mkono ndani utafute kijiwe, kwa kuwa mguu wako hautakuambia. Ukirudi kagua nyayo na katikati ya vidole. Usiziloweke kwenye maji ya moto hata zikiuma vipi. Ukitumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari), beba sukari mfukoni. Kipimo cha sukari ya damu kikiwa chini ya 5 (mmol/L), kula kwanza.

SWALI: Nameza amitriptilini usiku kwa maumivu ya neva. Asubuhi nikianza mazoezi napata kizunguzungu. Niache dawa? *Msomaji, Katubuka*

JIBU: Usiikatize ghafla. Dawa hii hushusha presha unapoinuka, na usingizi wake hubaki hadi asubuhi. Imeze mapema, ukiwa umebakiwa na muda wa saa mbili hivi kabla ya kulala. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili, chezesha vifundo vya miguu, ndipo usimame. Sogeza mazoezi hadi saa nne asubuhi. Kizunguzungu kikiendelea, au mkojo ukianza kutoka kwa shida, mwambie daktari aliyekuandikia apunguze kiasi au abadilishe dawa.