Sindano ya Ijumaa na siku sita zinazobaki

Kila Ijumaa baada ya sala ya Isha huketi ukingoni mwa kitanda, hufungua kalamu ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, hufunga sindano mpya yenye urefu wa milimita 4, hujichoma chini ya ngozi ya tumbo au ya paja, na namba ya dozi ikisharudi sifuri huhesabu polepole hadi 6 kabla ya kuchomoa, kwa sababu ukichomoa haraka tone la dawa hubaki juu ya ngozi. Kazi hiyo haimalizi dakika tatu. Nimeifanya kwa miezi 14 sasa, na wanaoniuliza karibu wote huuliza habari za dakika hizo: inauma? Unajichomaje mwenyewe? Sijapata anayeniuliza ninavyoishi kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi, ilhali masahibu yangu mengi yamenikuta katika siku hizo.

Nilianza nikiwa na kilo 98 kwa urefu wa sentimita 162, yaani uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) wa 37, pamoja na presha niliyokuwa nimeishi nayo miaka tisa. Dawa hii huandikiwa watu ambao uwiano huo umefika 30, au 27 kwa mwenye ugonjwa unaoambatana na uzito kama presha, kisukari cha aina ya pili au lehemu nyingi kwenye damu; haikutengenezwa kwa ajili ya bibi harusi anayetaka kupunguza kilo nne. Daktari wangu hakuniandikia siku ya kwanza. Alipima sukari na figo, akauliza kama nimewahi kuugua kongosho au kuwa na mawe ya nyongo, kisha akauliza mara mbili kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyepata saratani ya tezi ya shingoni, kwa kuwa ipo aina ya saratani hiyo inayorithiwa, na mwenye historia yake haruhusiwi kabisa kutumia dawa hii. Ukiandikiwa bila kuulizwa swali hilo, tafuta daktari mwingine.

Dozi hupanda kwa ngazi. Kwa Wegovy, jina la kibiashara la semaglutaidi ya uzito, mwezi wa kwanza ni miligramu 0.25 kwa wiki, kiasi ambacho lengo lake ni kulizoesha tumbo tu, kisha 0.5, halafu 1, 1.7 na mwishowe 2.4, kila ngazi kwa wiki nne au zaidi. Wengi huchoka kusubiri, nami nilichoka. Lakini fikiria jinsi dawa yenyewe inavyokaa mwilini: wiki moja baada ya kujichoma, karibu nusu yake bado imo, kwa hiyo dozi ya leo inatua juu ya mabaki ya wiki iliyopita na ya juzi, na ukishazidisha hakuna namna ya kuitoa isipokuwa kuvumilia siku nyingi. Mimi nilibaki kwenye miligramu 1 kwa miezi mitatu, na kilo ziliendelea kupungua.

Sababu ya kubaki hapo ni harusi. Nilikuwa nimepanda ngazi hiyo Ijumaa, na Jumamosi yake mtoto wa jirani akaolewa. Nikala kama nilivyozoea harusini: pilau ya nyama yenye mafuta, sambusa mbili, juisi ya ukwaju, na wali wa pili kwa sababu mwenyeji alisimama mbele yangu na upawa. Dawa hii huchelewesha chakula kutoka tumboni, na chakula cha mafuta ndicho kinachochelewa zaidi. Kufika usiku nilikuwa natapika, asubuhi nikaanza kuharisha, na hali hiyo ikaendelea siku tatu ambazo nilijipa moyo kwamba kichefuchefu ni cha kawaida. Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa pilau. Kwa miaka tisa nilifundishwa kwamba vidonge vya presha havirukwi, nami sikuviruka, wakati ndani yake mna dawa ya kuongeza mkojo. Jumanne nikainuka kitandani, chumba kikazunguka, nikashika ukuta. Mkojo ulikuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi. Hospitali wakanitundikia dripu, na kipimo cha damu kikaonyesha kwamba figo zimeanza kulalamika. Daktari alisema, “Mama, simu yako nilipaswa kuipata Jumapili.”

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetumia dawa za presha ni kumwuliza daktari mapema, kabla ya kuugua, afanye nini na vidonge hivyo siku akitapika au kuharisha. Weka pakiti za ORS kabatini, na ukishindwa kuhifadhi maji tumboni kwa siku nzima, usisubiri siku ya pili. Isitoshe, kadiri uzito unavyoshuka presha nayo hushuka, na dozi iliyokufaa ukiwa na kilo 98 yaweza kukuangusha ukiwa na 88, yangu imepunguzwa.

Maumivu ya tumbo ni jambo jingine kabisa. Kujaa gesi, kiungulia na choo kigumu utavizoea. Maumivu makali ya juu ya tumbo yasiyokoma, hasa yakipenya hadi mgongoni, yaweza kuwa kongosho. Yakiwa kulia chini ya mbavu, pamoja na homa au macho ya manjano, yaweza kuwa nyongo. Hapo usijichome tena, nenda hospitali, na utaje jina la dawa unayotumia.

Kuhusu chakula nitasema machache. Hamu ikiondoka ni rahisi kuishi kwa chai na mkate, na mimi nilifanya hivyo hadi nikaona ngazi za kazini zinanishinda, kwani mwili ulikuwa unapunguza misuli pamoja na mafuta. Sasa naanza na maharage, dagaa, samaki au yai, kisha ugali kiasi cha ngumi, na naacha kula mara ninaposhiba hata kama sahani haijaisha. Mwezi wa Ramadhani nilimwona daktari kabla ya mfungo, na bagia nikaziacha kwa wengine.

Kalamu mpya hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Friji yangu ni ya mlango mmoja, ile yenye kijisanduku cha barafu juu, na kalamu yangu ya tatu niliiweka rafu ya juu kabisa, ikaganda. Iliyoganda haitumiki hata ikiyeyuka, nami niliitupa huku nikihesabu bei yake. Safarini naifunga kwa kitambaa ili isigusane na barafu.

Kisha kuna shoga yangu, ambaye alikuja kuniomba “nichome kidogo tu, nibadilishe sindano.” Kalamu haichangiwi hata kwa sindano mpya, maana damu yaweza kurudi ndani yake. Nilipomkatalia, ndipo akataja kwamba anameza glibenklamaidi ya kisukari. Dawa hizo mbili pamoja, bila daktari kupunguza kimoja, zingeweza kumshusha sukari akiwa peke yake usiku. Wiki iliyofuata alitaka kununua kwa mtu wa WhatsApp. Nilimweleza kwamba Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia, yaani semaglutaidi inayouzwa kwa ajili ya kisukari, na kwamba Oktoba 2023 huko Austria kuna waliolazwa kwa sukari kushuka, ikashukiwa kwamba ndani ya kalamu zao mlikuwa na insulini. Aliguna, lakini akaenda kliniki.

Ukisahau siku yako, soma karatasi ya dawa yako, kwani kanuni hutofautiana. Ya Wegovy ni kwamba zikibaki zaidi ya siku mbili kabla ya dozi ijayo unachoma, zikiwa pungufu unaiacha. Ukiwa na upasuaji, mwambie mtu wa nusukaputi mapema, kwa kuwa tumbo lako laweza kuwa na chakula hata baada ya kufunga usiku kucha. Anayetaka mimba aache semaglutaidi angalau miezi miwili kabla.

Leo nina kilo 84, na swali lililobaki kati yangu na daktari ni la kuacha. Katika utafiti wa dawa hii uitwao STEP 1, waliotumia dozi ya miligramu 2.4 walipunguza kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68, na mwaka mmoja baada ya kuacha, wale waliofuatiliwa walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Nilikuwa nimepanga kuacha mwezi huu kwa sababu ya gharama. Tumekubaliana nibaki kwenye dozi ninayotumia sasa, tupime figo tena, na nisiache ghafla bila kumwambia.