Mwanangu, Ingia Kwanza Chini ya Gari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeuliza jambo moja tu: ulitengeneze hilo gari lako la porini au uliuze jinsi lilivyo. Unasema linatoa moshi, mlimani halina nguvu, asubuhi linagoma kuwaka, na fundi amesema injini ishushwe ifanyiwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya, kwa gharama inayokaribia nusu ya bei ya gari lenyewe likiwa zima. Nimekuelewa. Lakini katika barua yote hiyo hukuniambia moshi ni wa rangi gani, wala kama umewahi kulala chini ya gari ukaitazama fremu, kile chuma kirefu kinachobeba bodi na injini.

Ninalo neno langu ambalo ninyi watoto mmelichoka: injini hununuliwa, fremu ndiyo gari.

Unalikumbuka lile la kijani. Ulikuwa na miaka 8, wewe na kaka yako mkigombania kile kiti cha pembeni kilichotoboka. Unachokumbuka ni kwamba tuliliuza kwa sababu lilikuwa limekufa, maana ndivyo nilivyowaambia. Halikuwa limekufa.

Lilikuwa linakunywa maji. Najaza rejeta jioni, asubuhi yamepungua, na chini hakuna hata tone. Moshi mweupe, mzito, haukatiki hata injini ikishapata moto. Nikifungua kifuniko cha oili nakuta ute mweupe umeganda ndani yake, oili iliyopigwa na maji. Leo hata wewe ungeniambia: baba, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, kile kizibo kati ya injini na kichwa chake. Lakini fundi niliyemwamini alisikiliza injini dakika moja, akatikisa kichwa, akasema imekwisha. Hakupima kitu. Mama yako akaniambia, "Tumtafute mwingine alitazame kwanza." Nilikuwa nimechoka. Sikumsikiliza.

Akaja mnunuzi, mtu wa makamo, mkimya. Hakuomba niwashe injini, hakufungua hata boneti. Alitandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini ya gari na kinyundo na bisibisi. Nikamsikia akigonga, ti, ti, ti, kutoka mbele kwenda nyuma, akikawia pale springi zinaposhikwa na kwenye ile bari ya nyuma kabisa ambako matope hujificha. Chuma kizima ukikigonga kinalia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama ubao uliolowa, na bisibisi ikisukumwa inazama. Cha kwetu kililia mwanzo hadi mwisho. Alikaa kule chini nusu saa nzima. Alipotoka alijipangusa mgongo, akalipa bei niliyotaja bila kuipunguza hata kidogo. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtu anayenunua gari bovu bila kubishana bei ameona kitu ambacho mwenye gari hakukiona.

Miezi mitatu baadaye nikamkuta kwenye foleni ya mafuta. Lile la kijani lilikuwa likinguruma kama siku tuliyolipata. Nikamuuliza, naye hakunificha: alifungua hedi, ikaonekana imepinda, akaipeleka ikachongwa ikawa sawa, akaweka gasketi mpya na bolti mpya. Basi. Pistoni hakuzigusa. Nilikaa na habari hiyo wiki nzima kabla ya kumwambia mama yako. Nilipomwambia, aliitikia tu, "Aha." Hajalirudia tena neno hilo mpaka leo, na heri angenilaumu.

Ndiyo maana nakuuliza rangi ya moshi. Ukiwa mweusi, mafuta hayaungui yote: anza na chujio la hewa, halafu nozeli zinazorusha mafuta, kabla mtu hajaigusa injini. Ukiwa wa buluu, injini inakula oili. Ukiwa mweupe na maji yanapungua, umeshanisoma hapo juu. Na lako ni la dizeli, halina cheche ya kuwasha mafuta. Hewa ikibanwa sana hupata moto, mafuta yakirushwa ndani yanawaka yenyewe. Mbano ukipungua, asubuhi ya baridi injini haiamki. Lakini haiamki vilevile kama zile plagi za kupasha moto zimekufa, na mlimani hukosa nguvu hata kwa sababu ya chujio la dizeli lililoziba. Vitu vidogo kabisa. Fundi wako alivitazama? Mwambie apime mbano wa kila silinda kwa geji, akuandikie namba zote. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini na nyingine ziko sawa, shuku gasketi. Zikiwa zimeshuka zote, basi fundi wako yuko sahihi na nitamwomba radhi.

Hata hivyo, hayo yote ni ya juu. Nenda chini. Watu hudanganywa na bodi. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilipewa bodi ya alumini kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, lakini fremu yake ilikuwa ya chuma. Gari la namna hiyo linaweza kupendeza machoni miaka na miaka huku uti wake wa mgongo unaliwa. La kwako nalo limekaa juu ya fremu ya chuma, yenye uwazi ndani, na matope yakishaingia kwenye yale matundu hayatoki. Kutu huanzia ndani. Siku unayoiona kwa nje imeshakaa sana. Na ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya, jiulize aliyekuuzia alikuwa anafunika nini.

Ukiwa huko huko chini, fungua bolti ya difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, uone oili yake. Unavuka sana mito, nakujua. Difu yenye moto ikizama majini inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, hasa kile kibomba cha kupumulia kikiwa kimeziba. Oili ikitoka imepauka kama ute, maji yameshaingia, na beringi zina siku za kuhesabu. Hilo nalo uliingize kwenye hesabu, kwa sababu fundi wa injini hatakutajia.

Lakini ngoja. Nikijisoma hapa naona nakusukuma utengeneze kwa sababu ya uchungu wangu wa miaka mingi, na hiyo si haki kwako. Babu yako alifanya kinyume changu. Yeye hakuuza. Aliweka giaboksi, akasema sasa tumeshaweka giaboksi, tuweke injini. Akaweka injini, akasema sasa tumeshaweka injini, tununue tairi. Kila fedha iliyokwisha kuingia ikawa sababu ya kuingiza nyingine. Halafu siku ile ya mvua, wewe hukuwepo, pale springi ya nyuma inaposhika fremu pakachanika kama karatasi, na injini mpya ikakaa juu ya chuma kisichoweza kubeba chochote. Kwa hiyo fedha uliyokwisha kulipa usiihesabu kabisa. Hesabu inayotakiwa kuanzia leo, na gari unalolipata kwa fedha hiyo.

Na bado, upande wa pili: ukiliuza bovu utapewa bei ya bovu, kisha utakwenda kununua la mtu mwingine ambalo ugonjwa wake hujaambiwa. Hili lako unalijua linapougua. Hilo nalo ni mali. Tazama pia vipuri. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zimetengenezwa tangu 1984, na gari lililodumu hivyo halikosi injini iliyotumika wala kifaa cha kubadilisha. Lako ni la aina ambayo vipuri vyake unavipata, au kila kitu unaagiza na kungoja? Unalitumia kweli porini, au siku hizi linakupeleka kazini tu? Hayo unayajua wewe, mimi siyajui.

Nilikuwa nimeandika jibu hapa, neno moja tu, nikalikata. Mkono unaniwasha kuliandika tena. Lakini niliwahi kukubali hukumu ya mtu ambaye hakuingia chini, na mimi chini ya gari lako sijaingia. Injini hununuliwa, fremu ndiyo gari. Nenda kaigonge, kisha niambie imelia au imenyamaza, na unisomee zile namba za geji.

Na kama mwisho wake ni kuuza, mwambie mnunuzi kila ulichokiona.

Kinyundo kimo kwenye lile boksi la spana nililokupa, chini kabisa, kimefungwa kitambaa. Nilikinunua wiki ile niliyotoka kwenye foleni ya mafuta. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ukitoka nipigie, hata kama ni usiku.

Baba yako