Metformin na figo za mama

Dada, umeuliza kama ni kweli metformin, ile dawa ya kisukari, inaua figo juu mamako amesikia hivyo kwa jirani huko Kondele na sasa anataka kuacha. Aki asiache. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe ikikaa juu miaka mingi, dawa inapitia tu kwa figo ikitoka mwilini, ndio maana daktari hupima figo na kipimo cha eGFR, kinachoonyesha figo zinachuja damu vipi, kikishuka chini ya 30 anaisimamisha, sasa watu wanaona mtu amesimamishwa dawa halafu ameanza dialisisi, kusafishwa damu na mashine, wanasema ni dawa ilimmaliza.

Mamangu pia anameza, mwanzo tumbo lilimsumbua vibaya, kuharisha kila asubuhi, kumbe alikuwa anameza na chai ya rangi bila kitu tumboni. Nesi akamwambia ameze katikati ya chakula, matonge mawili matatu ya ugali, kidonge, halafu aendelee na omena yake. Baada ya wiki mbili likatulia.

Na ile stori ya kwamba metformin inaleta saratani ilitoka Marekani 2020, FDA, shirika lao la kusimamia dawa, iliomba kampuni kadhaa zirudishe zile tembe za kufanya kazi polepole juu zilipatikana na NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, kupita kiwango, haikuwa metformin yote, na hata wao waliambia wagonjwa wasiache kabla ya kuongea na daktari.

Kama miguu yake inaingia ganzi uliza apimwe vitamini B12 pia, hiyo dawa ikitumiwa miaka mingi huishusha.