Uliza nani ameshika deni lako

Miaka kadhaa iliyopita nilichukua mkopo wa kujengea nyumba. Afisa mikopo aliyenihudumia alifika mwenyewe kwenye kiwanja, akakagua msingi, akauliza kazi yangu ina uhakika gani na wangapi wananitegemea. Nilitoka pale nikijua nadaiwa na nani, na yeye akijua anamdai nani. Mwaka mmoja na kidogo baadaye nikapokea barua ya aya mbili: kuanzia mwezi ujao, marejesho yapelekwe kwenye akaunti ya kampuni nyingine ambayo sikuwahi kuisikia.

Sikujali sana. Kiasi kilikuwa kilekile, tarehe ileile. Nilijali pale mshahara wangu ulipokwama miezi miwili mfululizo. Nilirudi kwa yule afisa kuomba anisogezee tarehe, kama alivyoniahidi siku ya kwanza kwamba likitokea jambo nisikae kimya. Akanisikiliza kwa upole, kisha akaniambia faili langu halipo tena pale na yeye hana mamlaka juu yake. Nikapiga simu ile kampuni mpya. Kila nikipiga anapokea mtu mwingine, naanza kueleza upya. Siku ya tano au ya sita kijana mmoja akanionea huruma, akanieleza ukweli: wao kazi yao ni kukusanya tu. Deni lenyewe limeuzwa, lipo ndani ya fungu la madeni mengi, na wenye fungu ni wawekezaji ambao hata yeye hawajui. Mkataba wa kukusanya haumpi ruhusa ya kubadilisha ratiba ya mtu.

Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa tayari kuomba, ila sikuwa na wa kumwomba. Hapo ndipo nilipoanza kusoma mambo ya fedha, usiku baada ya usiku, na ninachokiandika leo ni yale ambayo ningependa mtu anieleze kabla sijatia saini.

Utaratibu wa zamani ulieleweka hata na asiyesoma. Benki inapokea amana za watu, inakopesha wengine, na mkopo unabaki kwenye vitabu vyake mpaka ulipwe. Nisipolipa, inaumia yenyewe. Kwa hiyo ilikuwa na sababu ya kunijua, na hata ya kunivumilia, maana mdaiwa anayelipa polepole ana faida kuliko nyumba iliyonyang'anywa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vilijengwa juu ya fikra hiyohiyo. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipoanzisha chama chake Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, wanachama walikuwa watu wa eneo moja waliodhaminiana kwa mali zao. Ukimkopesha mzembe, hasara inaingia nyumbani kwako.

Mabadiliko makubwa yalianzia Marekani mwaka 1970, shirika la serikali linaloitwa Ginnie Mae lilipodhamini hati za kwanza zilizotokana na mikopo ya nyumba iliyofungwa pamoja, yaani karatasi za uwekezaji zinazompa mnunuzi haki ya kupokea marejesho ya mikopo hiyo. Wazo lenyewe, nakiri, lilikuwa jema. Benki ikiuza mikopo yake inapata fedha za kukopesha wengine, na mwenye akiba aliye mbali anamsaidia mtu ambaye hatakutana naye kamwe kupata nyumba. Tatizo ni kilichotokea kwa yule afisa mikopo. Kama mkopo unauzwa baada ya miezi michache, aliyeutoa anapata ada yake mapema, na hatari inahamia kwa mwingine. Ile sababu ya kufika kwenye kiwanja na kukagua msingi inapungua.

Kisha mafungu yakaanza kukatwa matabaka. Mwaka 1983 Freddie Mac, kampuni ya Marekani inayonunua mikopo ya nyumba, ilitoa hati ambazo wanunuzi wake wanalipwa kwa zamu, wa tabaka la kwanza kabla ya wa tabaka la pili. Baadaye matabaka ya mafungu mbalimbali yakakusanywa tena kuwa fungu jipya, nalo likakatwa tena. Juu yake ikaja mikataba ya kujikinga iwapo mdaiwa hatalipa, ambayo hata mtu asiyemdai huyo mdaiwa aliweza kuinunua. Kampuni za kupima ubora wa hati hizo zililipwa na walewale waliokuwa wanaziuza. Kila hatua ilikuwa na wataalamu wake, hesabu zake na ada zake, na kila hatua ilimsogeza mwenye nyumba mbali zaidi na mwenye fedha.

Umbali huo ulifika hadi Narvik, mji mdogo kaskazini mwa Norwei. Halmashauri yake pamoja na nyingine kadhaa za Norwei zilikopa kwa kutegemea mapato ya umeme wa maji ya miaka ijayo, zikanunua hati tata zilizotengenezwa Marekani na benki kubwa ya Citigroup. Masharti yalisema thamani ikishuka, wenye hati waongeze fedha. Soko la mikopo la Marekani lilipotikisika mwaka 2007, thamani ikashuka, fedha zikadaiwa, na kampuni ya udalali iliyowauzia ikafilisika Novemba mwaka huohuo. Walioumia ni wanafunzi na wazee waliotegemea huduma za halmashauri, watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Huwa nakaa sana kwenye habari hii. Madiwani wale hawakuwa wajinga. Waliweka saini kwenye karatasi ambayo walimwamini aliyewaeleza, kama nilivyofanya mimi.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Septemba 2008, Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ikaanguka baada ya miaka 158, na dunia nzima ikatikisika. Ila sehemu iliyonigusa zaidi ni ya Wamarekani wa kawaida waliotaka kuokoa nyumba zao na kushindwa kujua wazungumze na nani. Tangu miaka ya 1990 benki zilikuwa na daftari lao la kielektroniki, MERS, lililorahisisha mikopo kuuzwa mkono kwa mkono bila kila mauzo kuandikishwa kwenye ofisi ya ardhi. Mwaka 2010 ikafichuka kwamba wafanyakazi wa kampuni za mikopo walikuwa wakitia saini maelfu ya hati za kunyang'anya nyumba bila kuzisoma, na benki kubwa kadhaa zikasimamisha unyang'anyaji kwa muda. Niliposoma hilo nilimkumbuka kijana wa simu.

Hata sheria zenyewe zimekimbia mbali na sisi. Makubaliano ya kimataifa ya Basel ya 1988 kuhusu mitaji ya benki yalikuwa na kurasa 30. Toleo la tatu, la 2010, lilikuwa na kurasa 616. Sheria ya Marekani ya 1933 iliyotenganisha benki za amana na biashara ya hati ilikuwa na kurasa 37, na ile ya 2010 iliyotungwa baada ya mtikisiko, 848. Sisemi kanuni ni mbaya. Nasema kurasa 848 zinasomwa na mwenye uwezo wa kuajiri mawakili, na huyo si wewe wala mimi. Paul Volcker, aliyewahi kuongoza benki kuu ya Marekani, alisema mwaka 2009 kwamba ubunifu wa maana kwenye benki anaoukumbuka ni mashine ya kutolea fedha. Mashine hiyo ilianza kazi London mwaka 1967, na kila aliyeitumia alielewa faida yake siku ileile.

Sasa basi, ufanyeje?

Kabla ya yote, achana na asilimia na uombe jumla. Nitalipa kiasi gani kwa ujumla, pamoja na ada zote, bima na makato, mpaka siku ya mwisho? Asilimia peke yake inaficha mengi. Chukua mkopo wa 1,000 unaolipwa kwa miezi 12, riba asilimia 20 inayopigwa juu ya mkopo mzima. Utalipa 1,200, yaani 100 kila mwezi. Inaonekana ni 20. Lakini hukukaa na ile 1,000 mwaka mzima. Ulianza kuirudisha mwezi wa kwanza, na riba inaendelea kukuhesabia kana kwamba bado unayo yote. Ukipiga riba hiyo kwenye salio linalopungua, inafika asilimia 35 hivi kwa mwaka. Mikopo miwili yenye 20 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa inaweza kuwa na gharama tofauti kabisa. Uliza riba inapigwa juu ya nini, na udai ratiba ya marejesho ya mwezi kwa mwezi kabla ya kusaini.

Jambo la pili ndilo lililonigharimu mimi: tafuta kifungu cha kuhamisha deni. Mara nyingi kipo kuelekea mwisho wa mkataba, na kinampa mkopeshaji ruhusa ya kuliuza bila idhini yako. Si rahisi kukifuta. Lakini unaweza kuuliza: mkishauza, nani atakuwa na mamlaka ya kunisikiliza nikipata shida? Mpe muda ajibu. Na umwulize anayekuuzia analipwa lini, siku ya saini au kadiri unavyolipa, kwa sababu hapo utajua kama anguko lako litamgusa.

Kwa upande wa kuwekeza nina kanuni moja tu. Siweki fedha mahali ambapo siwezi kumweleza ndugu yangu, kwa maneno yangu bila kusoma karatasi, faida inatoka wapi na nani analipa. Nikikwama katikati ya maelezo, naacha. Nimeacha vingi, na baadhi viliwapa wengine faida. Nalala vizuri.

Na chama cha akiba na mikopo, hata kikiwa kidogo na kinachelewa, usikidharau. Pale unaweza kusimama kwenye mkutano ukamwuliza mwenyekiti swali.

Mkopo ule niliumaliza. Hati ya kiwanja ilichukua miezi mingine minne kurudi, kwa sababu ilibidi kwanza ijulikane imehifadhiwa ofisi gani. Mwaka jana nilihitaji mkopo mwingine, mdogo. Nilipouliza kuhusu kuhamisha deni, afisa alinyamaza, akaenda kumwita mkuu wake. Tulikaa karibu saa nzima. Mwishowe waliongeza sentensi mbili kwenye mkataba: niarifiwe siku 30 kabla deni halijahamishwa, na barua hiyo itaje cheo na anwani ya mwenye mamlaka ya kubadilisha ratiba yangu. Wakaugonga muhuri, nami nikatia saini.