Unataka kusomea PhD ya siasa za ukabila na Uislamu? Anza na neno moja

Kiukweli kilichonipotezea mwaka mzima wa kwanza ni neno "Waislamu". Andiko langu la utafiti lilijaa sentensi za Waislamu wanapiga kura hivi, Waislamu wanadai vile, alafu supavaiza wangu akazungushia kalamu kila nilipoliandika hilo neno na pembeni akauliza tu, wepi? Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kabla hujaenda fildi kaa na hilo swali mpaka likuchoshe. Angalia Malaysia, kifungu cha 160 cha katiba kinasema Mmalay ni anayefuata Uislamu, anayeongea Kimalay kwa kawaida na kushika mila za Kimalay, yani dini imeingizwa ndani ya kabila kisheria kabisa. Alafu nenda Bosnia, sensa ya Yugoslavia ya 1971 iliruhusu watu wajiandikishe Waislamu kama taifa, hata mtu asiyeswali kabisa aliweza kuhesabiwa humo, na 1993 wakachukua jina la Wabosniaki. China nako Wahui, jamii ya Waislamu, wanahesabiwa kabila ila wengi wao lugha yao ni Kichina tu. Neno ni lilelile lakini kazi yake inabadilika, na hapo ndo tasnifu inapozaliwa, sio kuwa na sura moja ya dini na nyingine ya siasa zimebandikwa pamoja.

Kingine Kiarabu, anza mapema jamani, mi nilichelewa. Ukimsoma Ibn Khaldun, mwanahistoria wa karne ya 14, kwa tafsiri, asabiyya unaletewa kama "mshikamano" basi, wakati kwenye hadithi neno hilohilo linakemewa, na Ibn Khaldun kwenye kitabu chake Muqaddima cha 1377 anaiona ndo nguvu inayosimamisha dola. Na aya ya 13 ya Surat al-Hujurat ina shu'ub na qaba'il, ukikimbilia "mataifa na makabila" unakuta umeshaingiza taifa la kisasa kwenye maneno ya karne ya 7.

Supavaiza tafuta wawili, wa siasa na wa masomo ya Kiislamu, na uwakutanishe, maana wangu kila mmoja alinivutia kwake.

Alafu watu unaowahoji. Kabila la mtu, dini yake na chama chake vikikaa pamoja kwenye kompyuta yako ni hatari kwake. Majina niliyatunza kwenye faili lingine lenye nywila, na mzee mmoja aliyenisimulia mengi kuliko wote aliponiomba nisitumie maneno yake niliyafuta yote, sura nikaiandika upya.