Maswali ya wasomaji: Hii "get" ina maana ngapi jamani?

SWALI: Shikamoo ticha. Niko Nungwi, Zanzibar, nahudumia wageni kwenye mgahawa wa hoteli. Shuleni tuliambiwa get ni kupata, basi yakaishia hapo. Sasa juzi wageni wawili wamemaliza kula, mmoja akamwambia mwenzake "I'll get this", mimi nikasogea nikijua kuna kitu anataka nimletee, kumbe anatoa kadi alipe yeye. Kesho yake mwingine akaniambia "can you get someone to fix the AC?" nikabaki nimeganda. Ina maana ngapi hii get?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Achana na kuhesabu maana, utachoka bure. Wewe sikiliza kinachokuja baada ya get, hicho ndo kinakwambia inafanya kazi gani. Na hata kupata yetu iko hivyohivyo, tunasema kapata kazi, kapata ajali, sijapata kuona mambo kama haya, ilikuwa yapata saa nne usiku, na kisu kikinolewa vizuri tunasema sasa kinapata. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye anahangaika na hilo neno kama wewe unavyohangaika na get.

Ikifuatwa na kitu, ndo ile ya shuleni: kupata, kupokea, kununua, kuchukua, kuleta. "Get me some water" ni niletee maji, "I got your message" ni meseji yako nimeipata. Na ile "I'll get this" iko humuhumu, anachosema ni kwamba hii bili niachie mimi, nalipa mimi. Mlango ukigongwa mtu akasema "I'll get it" anamaanisha naenda kufungua mimi, simu ikiita anamaanisha napokea mimi. Na mgeni akikwambia "I don't get it" usikimbie kumtafutia kitu, hajaelewa tu, si hata sisi kwenye simu tunasema "sijakupata, hebu rudia".

Ikifuatwa na neno la hali, yaani tired, wet, angry, old, hapo ni kuingia kwenye hiyo hali, na wengi wanakwama hapa maana wanatafuta kupata iko wapi na haipo, Kiswahili tunamaliza na kitenzi kimoja: kuchoka, kulowa, kukasirika, kuzeeka. Get lost ni kupotea, get married ni kuoa au kuolewa kutegemea nani anasema. Hapa sikio liwe makini, "my soup is cold" supu imeshapoa, "my soup is getting cold" ndo inaanza kupoa, huenda mwenzie hajaletewa chakula na anamsubiri, so wahi jikoni.

Mahali ni rahisi, "how do I get to Stone Town?" anauliza nafikaje, ila nyumbani hatuweki to, ni "get home".

Sasa ile ya AC. Get ikafuatwa na mtu halafu to na kitenzi, maana yake ni kumtafuta huyo mtu, umwombe au umshawishi mpaka afanye hiyo kazi. Alitaka umwitie fundi. Hiyo to usiidondoshe, ni "I got him to come", tofauti na make ambayo haiitaki, "I made him come". Na ukiweka kitu kwanza halafu kitenzi cha kutendwa, "I got my phone fixed", ni nimetengenezewa simu. Vijana wetu wengi wakitoka kinyozi wanasema "I cut my hair", mzungu anaweza kuelewa umeshika mkasi mwenyewe mbele ya kioo. Sema "I got my hair cut", yaani nimenyolewa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Nakuru. Niliandika kwa insha "she has gotten better" mwalimu akanikata maksi, na kwa muvi za Marekani naisikia kila siku. Nani ako sawa?

JIBU: Gotten ni Kiingereza safi na ni cha zamani kuliko watu wanavyodhani. Get yenyewe ililetwa Uingereza na Wavikingi, lugha yao ilikuwa na kitenzi geta. Chukua Biblia ya King James ya mwaka 1611, Hawa akimzaa Kaini anasema "I have gotten a man from the LORD", ile ambayo sisi tunasoma "Nimepata mtoto mwanamume kwa Bwana". Waliohamia Marekani miaka hiyo ya 1600 waliondoka nayo, waliobaki wakaja kuiacha wakashika got, lakini mpaka leo Muingereza huyohuyo anasema forgotten, na ndani ya forget kuna get ileile. Marekani zote mbili zinatumika na maana zinatofautiana, "I've gotten a car" nimepata gari, "I've got a car" ninalo gari. Sasa shule za Kenya zinafuata Kiingereza cha Uingereza, so kwa mtihani andika "has got better", au bora zaidi "has recovered" kama alikuwa mgonjwa, maana kwenye insha na barua rasmi get nyingi zinaonekana za maongezi. Barua ya kazi usiandike "I got your letter", andika received.

SWALI: Naendesha boda na saa nyingine bajaji hapa Dar. Abiria mzungu nimwambie get in au get on?

JIBU: Bajaji ni get in, na akishuka ni get out, sawa na teksi na gari dogo lolote. Boda ni get on na get off kwa kuwa anakaa juu yake, kama baiskeli au farasi. Basi, treni na ndege nazo ni get on, kwa vile mtu anaweza kusimama akatembea humo ndani. Mkifika na boda mwambie "you can get off here".